Chini ya daraja la mjini: zege, mawe huru, gabioni, au mchanga uachwe?

Simama ndani ya maji yanayotembea juu ya mchanga, yafike kwenye kifundo cha mguu, kisha tulia. Muda si mrefu utahisi kisigino kinazama. Hakuna aliyekusukuma. Maji yamefika kwenye mguu, yamepinda kuelekea chini, yamezunguka pembeni kwa kasi zaidi na kuondoka na ule mchanga uliokuwa umekubeba. Nguzo ya daraja iliyosimama mtoni hupatwa na jambo hilo hilo, ila yenyewe haiwezi kunyanyua mguu ikasogea.

Ndiyo maana mtu anayevuka kwa miguu na kuchungulia chini hukuta kitu cha ajabu kidogo: kabla ya kufika darajani mto una mchanga na majani, baada ya kulipita vile vile, lakini pale kwenye kivuli cha daraja pamesakafiwa, kana kwamba mtu alianza kujenga mtaro akaishiwa saruji. Hakuishiwa. Alisakafia pale alipoogopa.

Na pale chini ya daraja pana mengi ya kuogopwa. Maegemeo, yaani kuta za pande mbili zinazobeba ncha za daraja, hubana mto, na maji yanayobanwa huongeza mwendo. Nguzo za katikati hufanya kama ule mguu wako. Maji ya mvua kutoka juu ya barabara mara nyingi huachiwa yaanguke moja kwa moja chini, sehemu moja, miaka nenda miaka rudi, hadi yanatoboa shimo. Mabomba ya maji safi na ya majitaka hupenda kuvuka mto karibu na daraja, tena hayakufukiwa kwa kina kirefu. Halafu kuna kivuli. Kwingineko kingo hushikwa na mizizi ya nyasi na vichaka. Chini ya daraja hakuna jua wala mvua, kwa hiyo nyasi hazitii mizizi na udongo unabaki mtupu. Wanaoshauri kupanda majani chini ya daraja pana huwa wamesahau hilo.

Mji nao huongeza chumvi kwenye kidonda. Mapaa na lami hayanywi maji, kwa hiyo mvua ya saa moja hufika mtoni yote kwa pamoja, na mto uliokuwa wa kuvuka kwa kuruka unakuwa mto wa kuogopwa kabla hujamaliza chai.

Basi tuseme daraja lipo, mto unachimba, na mnatakiwa kuchagua. Zilizoko mezani kwa kawaida ni nne: sakafu ya zege, mawe makubwa huru, gabioni (makreti ya waya yaliyojazwa mawe), au kuuacha mto na mchanga wake huku msingi ukishuka chini zaidi. Kuna na mchanganyiko wa hizi, nitaugusa.

Kuchimbika au kufurika?

Kabla ya kulinganisha vifaa, tenganisheni hofu mbili ambazo vikaoni huchanganywa kila mara. Ya kwanza ni maji kuchimba msingi. Ya pili ni maji kukosa nafasi, yakapanda hadi kwenye mihimili ya daraja na kumwagikia mitaani.

Kwa hofu ya pili zege lina sifa yake. Uso laini wa zege hukwaruza maji kidogo mno. Kwa vipimo vya ukwaruzo ambavyo wahandisi hutumia, zege laini huhesabiwa karibu 0.015, na mto wenye kokoto na magugu huwa karibu 0.035. Mteremko ukiwa ule ule na kina kile kile, mfereji uliolainishwa wote, chini na pembeni, hupitisha zaidi ya maradufu ya maji ya ule mwingine. Mwenye daraja fupi, lisiloweza kuinuliwa kwa sababu barabara na majengo yamelibana, hawezi kuipuuza hesabu hiyo.

Lakini hapa pana mtego. Mto wenye mteremko wa kawaida huamuliwa kimo chake na hali ya mkondo mbele ya daraja, maji yanakoelekea, si na zile mita 15 za kivuli cha daraja. Ukilainisha pale tu, huku mita 50 mbele kuna mchanga uliojaa na matete, maji yatajaa vile vile. Zege la kuongeza nafasi linataka urefu wa kueleweka, na linataka mto mbele yake, maji yanakoelekea, usafishwe. Sakafu fupi ya zege inayouzwa kama dawa ya mafuriko ni pesa imetupwa mtoni, na mtu akiileta kwenye kikao mwulizeni mto ukoje mita mia moja kwenda chini.

Hofu ya kwanza, ya kuchimbika, ndiyo inayoangusha madaraja. Huko zege si bingwa kama linavyoonekana.

Zege na mawe huru, uso kwa uso

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Kwa nguzo yenye pua ya mviringo iliyonyooka na mkondo, miongozo ya wahandisi wa Marekani huchukulia kwamba shimo linalozunguka nguzo, katika mtiririko wa kawaida, linaweza kufika mara 2.4 ya upana wa nguzo. Nguzo ya mita 1.2 basi inaweza kuchimbiwa karibu mita 2.9, na hapo hujahesabu kushuka kwa sakafu yote ya mto kwa sababu ya kubanwa. Msingi mfupi uliolala kwenye udongo, kama madaraja mengi ya zamani, unaning'inia.

Mawe huru hujibu kwa uzito. Unachimba kidogo kuzunguka nguzo, unatandika chujio cha kuzuia mchanga usipite, unajaza mawe hadi usawa wa sakafu ya mto. Kanuni za Marekani huyataka yaenee mara mbili ya upana wa nguzo kila upande, na unene wa tabaka uwe angalau mara tatu ya ukubwa wa jiwe la wastani. Ukubwa wa jiwe ndipo wengi wanapojidanganya. Kasi ya maji ikizidishwa mara mbili, upana wa jiwe linalohitajika huzidi mara nne, na uzito wake mara 64. Kwa nguzo ya mviringo, maji ya mita 2 kwa sekunde yanahitaji jiwe la sentimita 19 hivi, kilo 10 tu, mtu mmoja analibeba. Yakifika mita 3, jiwe ni la sentimita 43 na kilo 110. Yakifika mita 4, ni sentimita 77 na zaidi ya kilo 600, na sasa unahitaji mashine yenye mkono mrefu na nafasi ya kuizungusha chini ya mihimili, nafasi ambayo mara nyingi haipo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mawe huru ni kasi. Chini ya mita 3 kwa sekunde ni chaguo rahisi kutekelezwa. Kuelekea mita 4 na zaidi, unaanza kutafuta kitu kingine.

Zege linajibu kwa kuwa kipande kimoja. Maji ya mita 4, hata 5, yanateleza juu yake bila kung'oa chochote, ili mradi yabaki juu. Yakishaingia chini yake, habari inabadilika, na njia za kuingia ni tatu.

Njia ya kwanza ni ukingo wa chini, pale sakafu inapoisha na mchanga unapoanza. Maji yaliyokuwa yanakimbia juu ya uso laini hufika pale yakiwa na nguvu yote na kukutana na kitu laini. Yanachimba dimbwi. Dimbwi linarudi nyuma chini ya zege, ukingo unabaki kama ubao wa kurukia, kisha unavunjika. Kisha kipande kinachofuata. Ndiyo sababu sakafu nzuri ya zege huishia na ukuta unaozama ardhini, upande wa juu na wa chini wa mkondo, pamoja na zulia la mawe mbele yake la kupoza maji. Sakafu isiyo na ukuta huo haijamalizwa kujengwa.

Njia ya pili ni maji ya ardhini. Zege la sentimita 20 lina uzito wa kilo 480 hivi kwa kila mita ya mraba. Uzito huo unalingana na safu ya maji ya sentimita 48. Mafuriko yakishuka haraka huku udongo wa pembeni ukiwa bado umelowa na kusukuma kutoka chini, tofauti ya nusu mita tu inatosha kuinua sakafu tupu. Watu husema mto umevunja zege, kumbe limeinuliwa na maji yaliyokuwa chini yake. Matundu ya kutolea maji huwekwa kwa ajili hiyo, na yasipokuwa na chujio nyuma yake hugeuka njia ya tatu: yanatoa maji pamoja na mchanga.

Hiyo ya tatu unaweza kuiona kwa macho, ukijua pa kutazama. Siku mbili baada ya mvua, tembea juu ya sakafu iliyokauka utafute matundu hayo. Tundu lenye afya limelowa tu pembeni. Tundu baya lina kichuguu kidogo cha mchanga laini mbele yake, msafi, kama uliochekechwa. Mchanga ule ulikuwa umebeba zege. Sasa chukua nondo, gongagonga sakafu kuanzia hapo. Sehemu iliyoshikana na udongo hutoa mlio mfupi, mzito. Ukifika mahali panapolia kama mtungi mtupu, chini yake kuna chumba, na chumba hicho huenda kimefika kwenye msingi wa nguzo bila ufa wowote kuonekana juu.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya hivi viwili, na kwangu ndiyo inayoamua. Mawe huru yakipungua, yanaonekana yamepungua. Moja likizama, la jirani linajikunja na kufuata shimo, tabaka zima linashuka pamoja na mto. Zege halijikunji. Linabaki limenyooka juu ya tupu, linamwambia mkaguzi kila kitu ni salama, hadi siku linapokatika lote.

Msije mkadhani basi mawe ndiyo tiba. Mawe yana deni: lazima yaongezwe. Daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York lilifunguliwa mwaka 1954 likiwa na misingi mifupi iliyolindwa kwa mawe. Mafuriko ya mwaka uliofuata yaliyasogeza baadhi, na kwa miaka iliyofuata ulinzi huo haukurudishwa ipasavyo. Tarehe 5 Aprili 1987, mto ukiwa umejaa, nguzo moja ilichimbwa chini, daraja likaanguka na watu 10 wakafa. Uchunguzi wa serikali uliinyooshea kidole hasa kushindwa kutunza mawe yale.

Kisa cha Malahide, kaskazini mwa Dublin, Ireland, kinasikitisha kwa namna nyingine. Reli huko inavuka mlango wa mto juu ya nguzo zilizosimama kwenye tuta la mawe, na tangu zamani wafanyakazi walikuwa wakiongeza mawe kila yalipopungua. Kadiri watu walivyostaafu, sababu ya kuongeza mawe ikasahaulika. Tarehe 21 Agosti 2009 tuta lilikuwa limeliwa, nguzo ikaanguka, muda mfupi tu baada ya treni ya abiria kupita. Hakuna aliyeumia. Ripoti ya uchunguzi ilisema wazi kwamba ujuzi wa kulitunza tuta ulikuwa umepotea.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mawe jiulizeni nani atakuja kuyahesabu miaka 20 ijayo. Kabla ya kuchagua zege, nani ataligonga kwa nondo. Kama jibu ni hakuna, hesabu za kasi hazitawasaidia sana.

Na chujio, kabla sijasahau. Mawe yakimwagwa moja kwa moja juu ya mchanga laini, mchanga hufyonzwa kupitia mianya yake na mawe huzama kama nazi kwenye matope. Kitambaa maalumu au tabaka la kokoto zilizopangwa kwa ukubwa ndiyo kazi yenyewe. Mawe ni uzito tu wa kukishika. Ukiona mkandarasi anashusha mawe na hakuna kitambaa wala kokoto eneo la kazi, msimamishe.

Gabioni

Gabioni zinapendwa kwa sababu zinageuza mawe madogo kuwa jiwe kubwa. Kreti la waya la mita 2 kwa 1 kwa 1 linajazwa kwa mikono, linafungwa, na mnakuwa na kipande cha tani tatu bila mashine ya kunyanyulia. Chini ya daraja lenye kimo kifupi hiyo ni faida ya kweli. Linapitisha maji, kwa hiyo halinyanyuliwi kama zege, na linajipinda kiasi udongo ukishuka.

Waya ndio roho yake, na waya hauwezi kila mto. Mto unaobingirisha kokoto wakati wa mafuriko hukwaruza waya kila mvua, kwanza ganda la plastiki, kisha zinki, kisha chuma chenyewe. Kreti likikatika sehemu moja, mawe madogo yanamwagika na kubaki mfuko mtupu. Majitaka na kemikali za viwandani nazo hula chuma haraka. Mjini kuna jambo la ziada ambalo vitabu havilitaji sana: waya mzuri na mawe yaliyochongwa vina wateja, na usiku chini ya daraja hakuna mlinzi.

Mimi ningeziweka gabioni pembeni, kwenye miteremko ya maegemeo, ambako kokoto hazipiti. Kwenye sakafu yenyewe ya mto ningezitumia tu pale ambapo mto hubeba tope na mchanga laini, basi.

Mawe ya kumiminia saruji

Wengi hufikiri wakimwaga mawe kisha wakajaza saruji katikati wamepata uzuri wa pande zote mbili. Ukijaza mianya yote, umepata zege la bei ya mawe: gumu, lisilopinda, lisilopumua, na lisilo na nondo. Kuna njia ya nusu, iliyokuzwa sana Ujerumani, ambapo saruji humiminwa kwa kipimo ili igandishe mawe pale yanapogusana tu na mianya ibaki wazi. Hiyo hufanya mawe ya wastani yastahimili kasi kubwa kuliko yakiwa huru, na bado yanapinda na kupitisha maji. Inataka fundi anayejua kipimo. Akizidisha, umerudi kwenye zege.

Kuuacha mto

Kwa daraja jipya swali hili lote lingepaswa kuwa fupi. Msingi ushushwe chini ya kina ambacho mto unaweza kuchimba, uhesabiwe kana kwamba hakuna jiwe hata moja la kuulinda, na mchanga uachwe uende na kurudi. Huo ndio mwelekeo wa kanuni za Marekani baada ya Schoharie: kusakafia ni dawa ya daraja la zamani, si kisingizio cha kupunguza kina cha jipya.

Mchanga nao una uongo wake. Shimo huwa refu kabisa wakati mafuriko yako kileleni, wakati ambao hakuna anayeweza kushuka kupima. Maji yakishuka, shimo hujazwa upya na tope laini. Mkaguzi akija wiki moja baadaye anakuta mto umetulia, usawa uko pale pale, anatia tiki. Tope lile halibebi kitu. Ukichomeka fimbo ya chuma inazama kwa mkono mmoja, na kina inapogonga udongo mgumu ndicho kina cha shimo la siku ile.

Mfano mmoja wa kuacha na kusakafia ndani ya mto mmoja ni mto Los Angeles, Marekani. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1938, jeshi la wahandisi la Marekani lilitia zege sehemu kubwa ya mto huo wenye urefu wa kilomita 82 hivi. Pale Glendale Narrows waliacha chini pakiwa wazi, na sababu haikuwa mapenzi ya ndege: maji ya ardhini yako juu mno, sakafu ingeinuliwa. Leo kipande hicho kina miti na ndege, na sehemu za zege zinapitisha mafuriko kwa kasi inayoua mtu akiteleza ndani.

Jambo hilo la kuteleza lina uzito mjini. Watoto hucheza chini ya madaraja. Sakafu laini yenye utelezi wa mwani, pembeni mteremko laini, haina pa kushika. Samaki nao hushindwa: maji ya kiangazi yaliyotandazwa kama shuka juu ya zege pana hayawafuniki hata migongo. Mkichagua zege, chongeni mfereji mwembamba katikati wa maji ya kiangazi na mwache mawe machache yamejitokeza. Ni gharama ndogo ukiyafanya siku ya kumwaga zege.

Upande mwingine, uchafu. Mto wa mjini hubeba chupa, magodoro na matawi, na vinanasa kwenye nguzo hadi daraja linakuwa bwawa. Juu ya zege, kijiko cha tingatinga kinapita na kukwangua kila kitu kwa asubuhi moja. Juu ya mawe huru kijiko kile kile kinachota uchafu pamoja na ulinzi wenu. Kama daraja linasafishwa kwa mashine kila msimu, mawe huru yazikwe usawa wa sakafu ya mto na yafunikwe na mchanga, au dereva aonyeshwe mpaka kwa rangi.

Ningechagua hivi

Daraja la zamani, nguzo mtoni, msingi mfupi, kasi isiyozidi mita 3: mawe huru juu ya chujio, bila kusita. Kasi ikizidi na mawe makubwa hayapatikani au hayapiti chini ya mihimili, mawe ya saruji nusu, kwa fundi anayejua.

Daraja fupi lisilo na nguzo katikati, limebanwa na majengo, mteremko mkali, uchafu mwingi: zege, lenye kuta za kuzama ncha zote mbili, matundu yenye chujio, na mawe mbele ya ukingo wa chini. Kama bajeti haitoshi kwa kuta hizo, punguzeni urefu wa sakafu, msipunguze kuta.

Maji ya ardhini yako juu, au sakafu ya mto imeanza kushuka yenyewe, kwa urefu wa kilomita kadhaa za mto, kwa sababu ya uchimbaji mchanga: zege lisitajwe. Mto unaoshuka utaliacha likining'inia kama ngazi. Hapo ni kuongeza kina cha msingi na kuzuia uchimbaji, vyote viwili.

Daraja jipya: uacheni mto.

Na kwa lolote mtakalochagua, kabla mkandarasi hajaondoka, mwambieni apake alama za nusu mita kwenye kila nguzo, kuanzia usawa wa sakafu kwenda juu, kwa rangi inayodumu. Kisha baada ya kila mafuriko mtu mmoja asimame juu ya daraja, ateremshe kamba yenye uzito pande nne za nguzo, aandike namba nne na tarehe kwenye daftari moja lisilobadilishwa.